Upande wa Nyuma wa Waridi

4 Februari

Shangazi,

Kifurushi kimefika. Kamba uliyokifungia ilinishinda mpaka nikaazima kisu kwa jirani. Maboksi matatu ya disketi! Mwenye duka la vifaa vya kompyuta chini ya jengo letu aliponiona nayo alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akaingia stoo akatoka na kisomeo cha disketi kilichokuwa kinangoja kutupwa. Kiko hapa mezani, kinakwaruza kama kuku, lakini kinasoma.

Ngoja nikueleze ninachofanya, maana kwenye simu ulikuwa unasema "sawa, sawa" kwa sauti ya mtu anayewaza sufuria iliyoko motoni.

Mashine yako ya kutarizi haihifadhi picha. Inahifadhi namba tupu. Kila mshono ni namba tatu: ya kwanza inaiambia fremu isogee kulia au kushoto kiasi gani, ya pili juu au chini, ya tatu inaiambia sindano ifanye nini: ishone, iruke, ikate uzi, au isubiri ubadilishe rangi. Namba hizo tunaziita baiti. Kampuni iliyoitengeneza mashine ilifunga milango bila kumwambia mtu maana ya baiti zake, na mashine mpya haziwezi kusoma hata moja. Kwa hiyo siku mashine yako ikizima, nakshi zako zote, tangu ujana wako, zinazima nayo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Basi naandika maktaba ndogo ya programu ya kuzisoma. Si ya vitabu, usianze. Ni kipande cha kazi kilicho tayari, ambacho mwandishi mwingine wa programu anakichukua na kukishikiza kwenye kazi yake, kama wewe unavyonunua zipu badala ya kukaa unatengeneza meno yake. Naiandika kwa lugha ya programu iitwayo Rust, na nimeichagua kwa sababu ina tabia zako. Ukiipelekea kazi yenye uzi unaoning'inia inakurudishia papo hapo, tena kwa maneno makali. Lugha nyingine zinakubali tu, halafu mteja anaaibika barabarani.

Ikikamilika nitaiweka wazi, bure, yeyote aisome, aitumie, aikosoe. Najua utasema nini.

Nina ombi moja. Ulisema waridi na tausi zimo pia ndani ya mashine yenyewe, basi nishonee waridi kwa mashine unitumie kitambaa chake. Programu yangu inachora nakshi kwenye kioo, lakini sitajua kama imesoma sawa mpaka nilinganishe na kitu ambacho mashine yenyewe imekishona. Kitambaa chako ndicho kitakachokuwa hakimu wangu.

Mpwa wako,
Bi Maswali


21 Februari

Bi Maswali,

Salamu zako nimezipokea, ingawa hukuandika hata moja. Ukurasa mzima wa baiti, hata "hujambo" hakuna! Sisi huku ni wazima, yaani mimi na paka.

Nimekuelewa vizuri kuliko unavyodhani. Sindano inaambiwa pa kwenda, inakwenda. Hilo nilikuwa nalijua kabla hujaota meno. Ninachoshindwa kuelewa ni hiyo bure. Mimi fundi mwingine akiingia chumbani nafunika fremu kwa shuka, na wewe uliyelelewa chini ya meza hiyo hiyo unataka kutandaza kazi yako njiani watu waokote? Haya. Ni yako. Usiniambie tu kwamba wanaikosoa na wewe unawashukuru, nitashikwa na presha.

Kitambaa hiki hapa. Cha zamani sina hata kimoja cha kukupa, kazi zangu zote ziko migongoni mwa watu. Hiki kimeshonwa wiki hii. Nimekitia bitana nyuma ili nyuzi zisikwaruzike safarini. Usiibandue, nimeishona kwa adabu.

Mashine haijambo. Inanguruma kama kawaida yake.

Unakula? Mara ya mwisho ulipokuja mifupa ya shingo ilikuwa inahesabika.

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi yangu mkali,

Salamu, salamu na salamu. Hizo ni tatu, ya mwisho ni ya paka. Nakula.

Imetoka! Nimeiita Tundu, kwa ajili ya tundu la sindano, maana baiti zote za nakshi lazima zipite hapo moja moja, hakuna kusukumana. Baiti ikija imekatika katikati, Tundu haibahatishi na haidondoki. Inasimama inasema: hapa pana tatizo, mahali fulani, la namna fulani. Watu wa kazi hii wanajua ugumu wa kuandika kitu kisichobahatisha.

Na tayari kuna mtu anayeitumia, Shangazi! Yuko mbali sana, hata saa zake ni kinyume cha zetu. Anatarizi beji za shule na anaandika programu kwa kujifurahisha. Mama mkwe wake alimwachia mashine kama yako, ikafa, na beji zote zikabaki ndani ya disketi. Ameniandikia: "Leo nimeziona tena beji za mama. Asante." Niliusoma ujumbe ule nikiwa ofisini, nikainuka nikaenda dirishani nikasimama tu. Nimeandika programu nyingi za ofisi, na hakuna aliyewahi kunishukuru kwa hata moja. Hii ni yangu. Nimevimba kichwa na sitaki kipungue.

Ila kuna jambo moja linaniumiza. Nimelitandaza waridi lako mezani, nikaweka mchoro wa Tundu kando yake. Petali nne zinakubaliana. Ya tano hapana. Kwenye kitambaa chako imejaa, imekaa kwenye ua kama inavyotakiwa. Kwangu imekatikia njiani, fupi, na kati yake na kikonyo kuna mwanya wa kupitisha punje ya mchele. Yaani kuna kitu mashine yako inakijua mimi sikijui. Mahali fulani baiti inasema "endelea", mimi naisoma "simama".

Siwezi kukuahidi kwamba nitaziokoa nakshi zako kama sijui nimekosea wapi. Ikiwa waridi linapoteza nusu petali, je, tausi? Je, yale mapindo marefu ya mikono? Nitalitafuta kosa hili mpaka nilipate.

Mpwa wako mwenye kichwa kikubwa,
Bi Maswali


16 Machi

Bi Maswali,

Achana na waridi. Ni nakshi ya zamani, ina mambo yake. Soma tausi, soma mapindo, soma zile herufi za mashuka.

Huyo mtu wa beji msalimie. Mtu anayetunza mashine ya mama mkwe si wa kudharauliwa.

Halafu nikuulize. Una uhakika gani kwamba ni wewe uliyekosea? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unabishana hata na redio. Leo umekuwa mpole ghafla, tena mahali pasipohitaji upole.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Nimelipata! Nimelipata, nimelipata!

Nimekaa na waridi lile mpaka nikaanza kuliona kwenye vigae vya bafu. Ofisini wananiuliza kama nina mchumba, maana nacheka peke yangu. Sikiliza. Kabla tu ya petali ya tano sindano inaruka mruko mfupi sana, na kwenye baiti ya mruko ule kuna alama ndogo ambayo mimi nilikuwa naipuuza. Nikajiambia, kampuni haikuiweka alama hii hapa kwa urembo. Nikaandika kanuni: ukikutana na mruko mfupi wenye alama hiyo, refusha mishono inayofuata mpaka ifike ukingoni. Nikaendesha programu. Petali ikajaa! Ikawa sawasawa na kitambaa chako. Machozi yalinitoka na wala sioni haya kukwambia.

Toleo jipya la Tundu limeshatoka. Kwenye ukurasa wake nimeweka picha ya kitambaa chako kama ushahidi, nikaandika chini yake: "Kimeshonwa na mashine halisi, kwa mikono ya fundi aliyeitumia tangu ikiwa mpya." Usikasirike, sijaweka nakshi yenyewe, ni picha tu.

Sasa naomba tausi, tafadhali. Nikishalinganisha na tausi nitakuwa na amani, kisha nitaanza kuzihamisha nakshi zote kwenda kwenye lugha ya mashine mpya. Kazi yako haitapotea, Shangazi. Mpwa wako ameiweza.

Bi Maswali


27 Aprili

Mpwa wangu,

Tausi huyu hapa. Amechelewa kwa sababu umeme ulikuwa unakatika, kisha uzi wa buluu ukaisha, kisha nikapata mafua. Chagua sababu moja uipendayo. Naye nimemtia bitana.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikairudia tena. Nimefurahi kwa furaha yako. Lakini usibadilishe kitu ambacho watu wengine wanakitumia kwa sababu ya kitambaa kimoja cha mwanamke mmoja. Hilo neno "halisi" uliloandika chini ya picha, ungeliondoa. Sipendi kusifiwa mbele za watu.

Usiniombe kingine mwezi huu. Vidole vinauma.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Leo sina salamu. Hata ya paka.

Juzi yule mtu wa beji ameniandikia. Tangu aweke toleo jipya la Tundu, beji zake zote zimeharibika. Nembo ya shule moja ina tai, na tai huyo sasa ameota kidevu. Nyingine ina kitabu kilichofunguliwa, na kurasa zake zimevimba kama zimelowa mvua. Alikuwa mpole, akasema labda kosa ni lake. Nikaangalia. Si lake. Ni ile kanuni yangu. Kila penye mruko mfupi wenye alama, Tundu inarefusha mishono ambayo haikuandikwa popote. Nikaitoa kanuni, beji zikarudi sawa, zote. Nikairudisha, waridi peke yake ndilo likafurahi.

Nikakaa kitako nikafikiri. Mashine haina hisia. Haiwezi kusoma baiti ile ile kwa namna moja kwa tai na kwa namna nyingine kwa waridi kwa sababu inampenda fundi. Ikiwa Tundu iko sahihi kwa beji zote za dunia, basi petali ya tano kwenye disketi yako ni fupi kweli, na mashine yoyote ingeishona fupi. Kwa hiyo kilichobaki cha kutilia shaka ni kitambaa.

Nikachukua kiwembe nikafumua bitana. Ndiyo, niliifumua.

Mashine ina nyuzi mbili, Shangazi. Wa juu, na wa chini unaotoka kwenye bobini. Umenifundisha mwenyewe, nikiwa sijui hata kufunga viatu. Nyuma ya kazi ya mashine lazima uuone ule uzi mweupe wa bobini ukikimbia katikati. Nyuma ya waridi lako hakuna uzi wa bobini. Kuna uzi mmoja tu, mwekundu mbele, mwekundu nyuma. Tausi vivyo hivyo, mpaka jicho lake. Umeshona kwa mkono. Mwezi mzima ninatafuta baiti isiyokuwepo, ninaharibu kazi ya mtu wa watu, ninalia bafuni kwa furaha ya uongo, na wewe uko huko unaniambia umeme umekatika! "Vidole vinauma", na mimi mjinga nikasoma nikapita.

Nina hasira. Na hasira yenyewe haikai, ndilo linalonikera zaidi. Kila nikimgeuza tausi nasahau nilichotaka kukuambia. Nimemweka chini ya kioo cha kukuzia, sioni mahali mkono ulipotetemeka. Nilimlinganisha na mchoro wa Tundu kwa wiki nzima na sikuona tofauti! Mimi, niliyekulia chini ya meza ile!

Kanuni nimeifuta. Nimeandika hadharani kwamba Tundu ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza na kwamba aliyekosea ni mimi, kwa kumwamini mtu kuliko namba. Sikutaja mtu gani.

Sasa niambie. Mashine iko wapi?

Bi Maswali


15 Mei

Bi Maswali,

Mashine iko pale pale ilipo siku zote, imefunikwa shuka, na juu yake kuna paka. Ilikufa Januari, kabla sijakutumia maboksi. Ilitoa moshi kidogo, harufu ya mpira, ikanyamaza. Fundi umeme aliifungua akanionyesha ubao ulioungua, akasema kipuri hakuna tena duniani. Nikamlipa soda, akaenda.

Ulitaka nikuandikie hivyo? Ningekuandikia, ungeacha kazi yako ukapanda basi uje kunishika mkono kama mfiwa. Nakujua. Na mimi sikutaka kushikwa mkono, nilitaka nakshi zangu. Ulisema kitambaa ndicho hakimu, bila kitambaa kazi haiendi. Mashine hakuna, mikono ipo. Nikashona. Kosa liko wapi? Usinijibu.

Ninachokiri ni kimoja. Uliposema umebadilisha programu yako ili ikubaliane na mimi, niliona haya. Nilijaribu kukuambia kwa pembeni. Wewe siku hizo ulikuwa hushikiki. Huyo bwana wa beji muombe radhi kwa niaba yangu, mwambie tai wake mwenye kidevu ni kosa langu.

Kuhusu petali. Waridi nililichora kwa vile vitufe vya mashine, nukta kwa nukta, mchana kutwa. Nilipofika petali ya tano mtu mmoja mwenye umri wa miaka miwili, aliyekuwa anatambaa chini ya meza akiuliza kila kitu ni nini, alichomoa waya ukutani. Mashine ikazima katikati ya petali. Ilipowaka ikaniambia imehifadhi. Ilihifadhi nusu. Mteja alikuwa anangoja, nikaunganisha kikonyo hivyo hivyo. Baadaye kila nikitaka kuirekebisha naahirisha, mpaka nikaizoea. Lakini nilipokaa na sindano mkononi, petali ilijaa yenyewe. Mkono haukumbuki ilichohifadhi mashine, unakumbuka nilichokusudia. Basi ukitaka kumkamata aliyekupotezea mwezi, jitazame kwenye kioo.

Sasa nikueleze hali yangu, maana umeshafumua bitana, hakuna cha kuficha. Tangu Januari napinda suruali na kubadilisha zipu. Watu wananiletea kaptura za watoto. Mimi! Fundi Suti, yule wa karakana ya kona, amenunua mashine mpya ya kutarizi, ya sindano nyingi, na hana mtu anayejua kuchora nakshi. Ameniambia: njoo na nakshi zako, chumba cha tarizi ni chako, wasichana watatu wako chini yako. Bila nakshi, akasema kwa heshima zote, mama, ninaweza kukupa kushona vifungo. Ananisubiri mpaka katikati ya Juni, kisha atanunua michoro ya kwenye mtandao, ile ya vikatuni.

Kwa hiyo sikuulizi kuhusu hasira yako. Nakuuliza, Tundu inasoma au haisomi?

Shangazi yako


1 Juni

Shangazi yangu,

Inasoma.

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikiwa nimekasirika, na kila mara nikifika kwenye mtoto aliyechomoa waya nacheka nachana. Nimemsimulia yule bwana wa beji. Amecheka mpaka ameniandikia kwa herufi kubwa. Anasema umsamehe yeye kwa kulalamika, na anaomba kuona nyuma ya tausi. Nimempelekea picha. Akajibu neno moja tu: "Heshima."

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Humo mna nakshi zako. Juu ya Tundu nimeandika programu nyingine ndogo, inachukua kilichosomwa na kukiandika upya kwa lugha ya mashine ya Fundi Suti. Nilimpigia simu kumuuliza aina yake. Alinijibu kwa adabu kama mtu anayeongea na mwenye benki. Disketi mbili zimeota ukungu na sikuweza kuzifufua. Herufi za mashuka zimekwenda, na pindo moja. Pole. Niliumia kama nimezishona mimi. Zilizobaki zote zimepita kwenye tundu, moja moja, na hakuna iliyokwama.

Sijarekebisha chochote. Waridi lina petali yake fupi. Ningeweza kuijaza, sasa najua ulichokusudia, lakini kazi ya Tundu ni kusoma kilichoandikwa, si kilichotamaniwa. Hilo limenigharimu mwezi kulijua na sitalisahau. Ukitaka ijae, sema wewe mwenye nakshi, nitaijaza kwenye nakala ya pembeni.

Kuna nakshi moja haina jina. Ilikuwa kwenye boksi la tatu, kwenye disketi ambayo hukuiandika chochote. Ni ya mviringo, kama ya kola, ina majani na kijani cha aina tatu. Kwenye kioo inaonekana mistari mitupu, sikuielewa. Nimeipa jina "haijulikani". Kama si yako, ifute.

Ombi la mwisho. Kila mtu anapotaka kubadilisha kitu ndani ya Tundu, kompyuta inasoma kwanza nakshi chache za majaribio. Hata mshono mmoja ukienda kombo, badiliko linakataliwa. Ningetaka waridi lako liwe la kwanza kati ya hizo, liwalinde wengine na wajinga kama mimi. Lakini litakuwa wazi, na yeyote ataweza kulishona. Nakumbuka shuka lako. Ukisema hapana, ni hapana, na sitauliza tena, ingawa naitwa Bi Maswali.

Nakupenda. Na nimekuvulia kofia, ujue hivyo.

Mpwa wako


14 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Paka hajambo. Hivyo ndivyo barua inavyoanza.

Flashi ilifika Jumatatu. Sikuifungua, maana sina pa kuifungulia. Niliifunga kwenye leso nikaiweka kifuani kama hirizi mpaka asubuhi. Nilivaa gauni la kijivu. Kwa Fundi Suti nilikuta wote wamesimama, hata wapiga pasi. Nilijiambia, kama haisomi, nitasema nimekuja kuuliza bei ya vifungo.

Ikasoma. Majina yakajipanga kwenye kile kioo chake kidogo, moja chini ya jingine, kwa yale majina niliyozipa mimi. Waridi. Tausi mkubwa. Tausi mdogo. Pindo la bibi harusi. Wasichana wakaanza kunishika mikono.

Fundi Suti akauliza nani amezifungua, maana yeye aliwahi kuuliza dukani akaambiwa haiwezekani. Nikamwambia ni mwanangu. Akasema, "Lakini wewe huna mtoto." Nikamwambia asinifundishe nilicho nacho.

Waridi liweke huko wazi. Liache na petali yake fupi, atakayelishona alishone hivyo hivyo. Lakini jina langu liandikwe lote, yote matatu, kama kwenye cheti, na pembeni uandike "fundi". Usiandike "shangazi yangu". Huko hawanijui kwa shangazi.

Wakaniuliza tuanze na ipi. Nilitaka kuwaonyesha tausi. Kisha nikaona ile uliyoiita "haijulikani", nikasema hii kwanza, nijue kama niifute. Nilikuwa na hakika si yangu. Mashine ikaanza. Mwanzoni ilikuwa mistari tu, kama ulivyosema, jani la kijani chepesi, jani, jani, na mimi natazama kama mgeni. Zile sindano ni za kasi, jicho linashindwa kuzifuata. Kukaja kijani cha pili, kikaanza kupita juu ya cha kwanza, na majani yakaanza kukunjamana kama yanapulizwa. Fundi Suti si mtu wa kusifu, naye akaacha mkasi mezani akasogea. Akasema, "Fundi aliyeichora hii alikuwa nani?"

Nikafungua mdomo niseme sijui. Papo hapo uzi wa kijani kizito ukaingia kwenye mkunjo wa jani la mwisho, na mimi nilishajua kwamba utaingia pale, na kwa nini, kabla haujaingia. Nikasema, "Mimi."

Nilikuwa fundi hasa, mwanangu. Miezi hii ya suruali nilikuwa nimeanza kusahau.

Shangazi yako